Unamsemesha Nani?

Mwezi wa Rajabu, mwaka 1095, mwalimu aliyesikilizwa kuliko wote mjini Baghdad alikaa mbele ya wanafunzi wake, akafungua kinywa, na maneno yakakataa. Abu Hamid al-Ghazali hakuwa amefika miaka 40. Waziri Nidhamu al-Mulk alikuwa amemweka katika chuo cha Nidhamiya mwaka 1091, na darasa lake lilikuwa na watu 300. Anasimulia mwenyewe, katika kitabu kidogo alichokiandika zaidi ya miaka kumi baadaye, al-Munqidh min al-Dalal, kwamba alijikaza afundishe walau siku moja ili kuwaridhisha waliomjia, ulimi ukagoma. Halafu chakula nacho kikakataa kushuka. Matabibu wakakata tamaa, wakasema ugonjwa huu umeanzia moyoni na dawa haiufikii.

Kilichomfunga ni hesabu aliyojifanyia. Alikuwa ameitazama nia yake ya kufundisha, akaona haikuelekea kwa Mungu. Kilichokuwa kikimsukuma ni cheo, na jina lake kuenea. Kwa lugha ya wanavyuoni, alijikuta ndani ya ria: kufanya jema ili uonekane ukilifanya. Akagawa mali yake, akaiachia familia ya kuitosha, akaaga kwamba anakwenda Makka, kumbe moyoni alikuwa ameshakata shauri la kwenda Sham, yaani Syria.

Wapo wanahistoria wanaosema palikuwa na siasa ndani yake pia. Nidhamu al-Mulk aliuawa mwaka 1092, na aliyekuwa chini ya mwavuli wake alikuwa na sababu ya kutafuta pa kujificha. Huenda. Mimi kinachonishika si safari. Nashikwa na ule ulimi, kwa sababu nimekula mshahara wa maneno ya watu karibu maisha yangu yote, nikiwa mhariri wa kurasa za makala katika gazeti moja hapa Dar es Salaam, na swali la Ghazali ni swali la kila aliyewahi kuniletea safu. Ukiandika kwa namna ambayo msomaji atakutambua bila kuona jina lako, je, hapo umesema kweli yako au umejipamba? Dini inatuambia nafsi ijifiche. Usomaji unatuambia kwamba makala isiyo na mtu ndani yake haisomeki. Haya mawili yanakaaje nyumba moja?

Kwanza niseme kutambuliwa huko kukoje, maana watu wa nje hudhani ni jambo la misamiati. Makala zilikuja zimepigwa taipureta, nyingine kwa kalamu kwenye karatasi za daftari, na karatasi ya juu yenye jina ilikuwa na tabia ya kupotea kati ya meza na meza. Hatukuhangaika. Kabla aya ya pili haijaisha mtu alikuwa ameshamtaja mwenyewe. Tena wote waliandika Kiswahili kilekile cha gazeti, chenye 'hata hivyo' na 'kwa mujibu wa' zilezile. Kama sauti ingekuwa ndani ya maneno, tusingewatofautisha.

Jibu la jambo hili lilipatikana zamani sana, na halikupatikana Ulaya. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karne ya 9, alikuwa ameshasema kwamba maana ni mali ya wote, Mwarabu na asiye Mwarabu, wa mjini na wa jangwani. Kazi iko katika kuzifinyanga. Karne mbili baadaye Abd al-Qahir al-Jurjani, mtu wa Jurjan karibu na Bahari ya Kaspi, alifika ndani zaidi. Alikuwa akijibu swali la dini, kwa nini Kurani haiigiki, na alipokuwa akilijibu akatuachia elimu nzima ya mitindo. Neno moja peke yake, alisema, halina ufasaha wala uzito. Ufasaha unazaliwa katika nadhmu, yaani jinsi neno linavyoegemea jirani yake: lipi limetangulia, lipi limecheleweshwa, lipi limeachwa lisitajwe. Badilisha mpangilio na umebadilisha maana, hata kama hukugusa neno.

Mzee mmoja aliyeandika safu yetu ya Alhamisi alikuwa na desturi ya kuanza na kitenzi. 'Amejiuzulu mkurugenzi.' 'Imenyesha mvua, na shule haina paa.' Kijana wa dawati, aliyefundishwa kwamba mtenda hutangulia, alizinyoosha zote siku moja mimi sipo: 'Mkurugenzi amejiuzulu.' 'Mvua imenyesha.' Neno halikuongezwa wala kupunguzwa, na habari ilikuwa ileile. Asubuhi mzee akapiga simu ofisini akauliza, kwa adabu kabisa, ni nani aliyemwandikia safu wiki hii.

Yule kijana alitetea kazi yake na kwa sarufi alikuwa na haki. Lakini sikiliza tofauti. 'Mkurugenzi amejiuzulu' ni tangazo. Linaweza kubandikwa ukutani na kila apitaye akalisoma. 'Amejiuzulu mkurugenzi' huambiwa mtu. Ukianza na 'amejiuzulu' tayari umemfanya mwenzako aulize nani, na umeonyesha kwamba nyinyi wawili mlikuwa mkilisubiri jambo hili. Mzee alikuwa akimsemesha jirani yake barazani, wiki baada ya wiki, na kijana akamnyang'anya jirani.

Hilo la jirani nililijua kabla sijasikia kwamba kuna fani inayoitwa balagha, elimu ya ufasaha. Nimekulia Ngamiani, Tanga, kule mitaa inakoitwa kwa namba, na nilipokuwa shule nilikuwa mwandishi wa barua wa akina mama wa barabara yetu. Si kwamba walikuwa mbumbumbu. Wengi walisoma Kurani, na wawili watatu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Lakini wana wao waliokuwa bandarini Mombasa au kwenye mashamba ya mkonge walisoma herufi za shule, basi nikaitwa mimi, nikapewa karatasi na kipande cha kaimati.

Barua za wakati ule zilikuwa na mwendo wake na hakuna aliyethubutu kuuvunja. Salamu kwanza, nyingi. Kisha mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni juu yako uliye mbali. Kisha dhumuni la barua hii. Kisha majina ya wote wanaokusalimu, na ole wako umsahau mmoja. Mwandiko ulikuwa wangu, tahajia ilikuwa yangu, na sarufi mara nyingi ilikuwa yangu pia, kwa sababu nilikuwa na kiburi cha darasani. Pamoja na hayo yote, hakuna mtoto aliyewahi kuandika akauliza barua hii ni ya nani.

Bibi wa nyumba ya pili akishamaliza salamu alikwenda moja kwa moja kwenye vitu. Koti lako nimelitoa juani. Mbuzi mweupe amezaa. Mlango wa uani fundi ameutia bawaba mpya, haulii tena. Hakuomba fedha hata siku moja na kila barua ilirudi na fedha. Jirani yake wa upande wa pili hakutaja kitu. Kila sentensi yake ilipita kwanza kwa Mwenyezi Mungu, akashukuru, akatubu, akasubiri, na ombi lenyewe, kubwa, likaja mwisho kabisa, baada ya majina ya wanaosalimu, kama jambo lililodondoka bahati mbaya. Mwendo mmoja, mwandishi mmoja, wanawake wawili ambao usingeweza kuwachanganya.

Siku moja nilimtilia yule bibi wa bawaba fungu la maneno nililolipata kwenye kitabu cha shule, zuri sana, lenye mawimbi na mbalamwezi. Nikamsomea. Akasema: 'Hilo futa, mwanangu. Hilo hajanisikia nikilisema tangu azaliwe.'

Hakusema halimpendezi. Lilimpendeza, niliona. Hakusema pia kwamba si lake, kama sisi tunavyosema leo tukiulinda 'mtindo' wetu. Alilipima kwa sikio la mwanawe. Kilichokuwa kikiilinda sauti ya bibi isipotee katika mwandiko wa mtoto wa jirani ni kwamba alijua kwa hakika nani anayesoma, na alimheshimu kiasi cha kutomletea kitu asichokijua.

Naamini hapa ndipo fundo linapofunguka. Tumezoea kuifikiria sauti ya mwandishi kama kitu kilichofichwa ndani yake, naye kazi yake ni kukitoa nje. Vijana huambiwa kwenye warsha: itafute sauti yako. Wanakwenda kuitafuta mahali isipokuwepo, ndani ya kifua chao, na wanarudi na kujionyesha. Sauti haikai kifuani. Inatokea pale mtu anapomgeukia mtu. Maana ni ya wote, al-Jahiz amekwisha kusema; mpangilio ndio wangu, na mpangilio wangu naupata kwa kumjali anayesikia: aanze kujua nini, angoje nini, aachiwe nini ajazie mwenyewe.

Ushahidi wangu mkubwa ni Mwana Kupona binti Msham. Alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, mtu aliyemsumbua Sultani wa Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye mjane huyu, akiwa mgonjwa wa maradhi ambayo hayakumwacha, alimtungia binti yake utenzi. Binti alikuwa na umri wa miaka kama 17. Mama akafa miaka michache baadaye.

Usomeni utenzi huo mkitafuta uasi dhidi ya desturi, hamtaupata. Umejaa desturi. Mwanzoni unaitisha wino na karatasi, kama tenzi zinavyofanya. Unamhimidi Mungu na kumsalia Mtume mahali pake. Mishororo ina mizani nane, vina vinafunga vinapopaswa kufunga, na mwishoni idadi ya beti na tarehe ya Hijria vinawekwa kama hati inavyowekwa muhuri. Mafunzo yenyewe, kutafuta radhi tano, za Mungu, Mtume, baba, mama na mume, angeweza kuyatoa shangazi yeyote wa pwani. Lakini huwezi kumchanganya na shangazi yeyote. Anamwita binti asogee. Anamwahidi hirizi aifunge kwa uzi, anamwahidi kidani cha lulu na marijani, na vyote ni maneno haya haya anayomwambia. Anasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyokaa na baba wa binti huyo bila ugomvi. Mtu anayejua hatakuwapo arusini mwa mwanawe anamvalisha mapema, kipande kwa kipande.

Mimi katika mengi simkubali. Namna anavyotaka mume abembelezwe, apepewe, asingwe, asiamshwe akilala, nikimsomea mjukuu wangu anacheka hadi anajishika mbavu, na nikicheka naye sioni dhambi. Wapo wahakiki wanaosema ndani ya utii ule kuna kejeli ya mwanamke anayemfundisha mwanamke mwenzake jinsi ya kuendesha nyumba huku mwenye nyumba akidhani anaendesha yeye. Sina haja ya kuamua. Ninachojua ni kwamba naweza kulikataa somo zima na bado nikamsikia mwalimu. Kumbe kuwa na sauti si kuwa na haki. Hilo ni jambo la kulichukua kwa uzito, na nitalirudia.

Shaaban Robert, karani wa forodha aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, aliifuata njia hiyo hiyo aliposhika kalamu kuwatungia wanawe tenzi za maadili. Kisha tenzi zile zikawa kitabu, kitabu kikawa mtihani, na maelfu ya watoto wasio wake wakakaririshwa na waalimu wenye fimbo. Sauti ya baba haikufa hata humo, na hiyo ni sifa kubwa kuliko zote ninazoweza kumpa. Amelala Machui, mwendo mfupi kutoka tulipokulia.

Na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, hakutuachia kitabu kabisa. Mashairi yake yalikaa vichwani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya kwa msaada wa kumbukumbu za wazee, yakapitia mikononi mwa Padri William Taylor, na diwani ikachapwa na William Hichens mwaka 1940, karne nzima baadaye. Watu wa Mombasa walikumbuka lipi ni la Muyaka. Walikumbuka kwa sababu shairi lake mara nyingi lilikuwa na mtu wa kujibiwa, kama malenga wa Lamu. Ukijua limerushwa kwa nani, umejua limetoka wapi.

Najua pingamizi linalokuja. Hao wote ni watu wa vina na mizani, wa jamii ndogo inayojuana. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofunga vina, na washairi wa mapokeo wakasema hayo si mashairi. Mabishano yale yalichukua miaka, na kwa maoni yangu pande zote mbili zilitazama mlango usiohusika. Zilibishania umbo. Kezilahabi alikuwa mtu wa Ukerewe, aliyezaliwa katika Kikerewe, akimsemesha msomaji aliyekutana na Kiswahili darasani na si mapajani mwa bibi anayeghani. Aliyegeuziwa uso alikuwa mtu mwingine, basi mpangilio ukawa mwingine.

Sasa nirudi kwa ria, maana nimeizunguka muda mrefu. Tulikuwa na mwandishi wa safu aliyependwa kuliko wote. Alikuwa mchekeshaji mkali, na kicheko chake kilikuwa na hasira ndani, kwa kuwa aliandika kama mtu anayemweleza mkewe usiku mambo aliyoyaona ofisini mchana. Barua za wasomaji zikaanza kumiminika. Tuandikie yale yako, walisema. Naye akaanza kuandika yale yake. Vituko vikaongezeka, vile vijisentensi vifupi vya kufungia aya vikawa katika kila aya, jina la utani alilompa waziri mmoja likatokea hata pale waziri hakuhusika. Ungeulizwa ni makala ya nani ungejibu kwa haraka kuliko zamani. Lakini mke hakuwepo tena kitandani. Palikuwa na umati umesimama dirishani. Alijiiga mwenyewe hadi akachoka, akaacha kuandika, na mpaka leo wasomaji wanaomkumbuka hutaja zile za mwisho.

Hapo ndipo penye ugumu ambao nadharia yangu ya jirani haiumalizi. Wasomaji hawakuona. Na wanafunzi 300 wa Baghdad nao hawakuona. Ghazali anasema wazi kwamba watu walishangaa, wakatafuta sababu za kuondoka kwake, na hakuna aliyedhani dini ndiyo sababu, kwa kuwa walidhani cheo kile ndicho kilele cha dini. Sauti yake ya ria ilikuwa nzuri. Pengine ilikuwa nzuri kuliko ya baadaye. Mtindo unathibitisha kwamba mtu yupo. Hauthibitishi anaelekea wapi. Mtu mwovu mwenye kumjali msikilizaji wake kwa makini, akajua nini angoje na nini aachiwe, atakuwa na sauti tamu, na redioni tumewasikia wa namna hiyo, na tumejua ilivyoishia.

Ipo hadithi katika Sahihi Muslim juu ya watu watatu watakaotangulia kuhukumiwa: aliyeuawa vitani, msomi aliyefundisha na kusoma Kurani, na tajiri aliyetoa. Kila mmoja anataja alichokifanya kwa ajili ya Mungu, na kila mmoja anaambiwa alikifanya ili isemwe, na kwamba imeshasemwa. Mwandishi akiisoma anajiona yuko kwenye nafasi ya yule wa pili. Malipo yake ameshayachukua, yamo kwenye faili la barua za wasomaji.

Je, tunyamaze basi? Ghazali alinyamaza, akakaa Sham karibu miaka miwili, akijifungia katika mnara wa msikiti wa Damascus. Namheshimu, lakini sidhani kwamba ni njia ya wengi. Mwenye safu ya Alhamisi ana karo ya kulipa. Tena Ghazali mwenyewe hakunyamaza mpaka mwisho: mwaka 1106 alirudi kufundisha Nishapur, na kitabu kile alichotuelezea kufungwa ulimi ni kitabu cha mtu anayesema 'mimi' kutoka ukurasa wa kwanza. Anajionyesha kuliko alivyowahi kujionyesha Baghdad, anatueleza hadi mambo ya koo lake na chakula. Ila tazama mwanzo wake. Anamjibu ndugu katika dini aliyemuuliza swali. Alipopona alihama kutoka kwa wale 300 akaenda kwa mmoja. 'Mimi' yake haikupungua. Ilipata mtu wa kukaa naye.

Hapo naweza kukaa nami, bila kudai kwamba nimeshinda mjadala. Nafsi haihitaji kufutwa ndani ya maandishi, na mwenye kujaribu kuifuta huishia kuandika kama tangazo la ukutani, ambalo nalo lina kiburi chake, kiburi cha kujifanya halikuandikwa na mtu. Nia ataipima Mwenye kuipima. Ninachoweza kukipima mimi mezani kwangu ni kile alichokipima bibi wa Ngamiani: je, huyu ninayemwandikia amewahi kunisikia nikisema hivi?

Makala hii nimemwandikia mtu mmoja. Anajijua, na neno 'balagha' litamuudhi. Palikuwa na aya juu ya mnara wa Damascus, yenye njiwa na mwanga wa alfajiri, na nadhani ilikuwa aya nzuri kuliko zote zilizobaki hapa. Nimeifuta jana baada ya kujikuta nikiisoma kwa sauti mara ya pili, peke yangu jikoni, nikingoja kupigiwa makofi.